Dubu, Kombe na Uso Mweusi Wenye Taji: Kuisoma Nembo ya Papa Benedikto XVI

Mhadhara kwa wanafunzi wa sanaa na historia



Mtoto wa polisi na mpishi hazaliwi na nembo ya ukoo. Joseph Ratzinger alizaliwa tarehe 16 Aprili 1927 Marktl, mji mdogo kando ya mto Inn katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa askari polisi wa vijijini, wa kuhamishwa kituo hadi kituo. Mama yake alikuwa amefanya kazi ya upishi hotelini kabla ya kuolewa. Katika ukoo wa namna hiyo hakuna babu aliyeacha ngao yenye simba wala tai. Hata hivyo, tarehe 19 Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 78, mtoto huyo alichaguliwa kuwa Papa akajiita Benedikto XVI, na desturi ya karne nyingi ikamtaka awe na nembo yake binafsi ya kuwekwa kwenye nyaraka, juu ya milango na kwenye mapambo ya makanisa. Nembo hiyo ndiyo ninayotaka tuisome pamoja leo.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Wengi wetu tukisikia habari ya nembo ya mtu binafsi hudhani ni chombo cha kujitapa, mtu kujichagulia mnyama mkali na upanga ili watu wamwogope. Nembo nyingi zilikuwa hivyo kweli. Hii ya Ratzinger inafanya kazi nyingine kabisa, nayo ni kutaja madeni. Ukiichunguza utaona kwamba karibu kila alama iliyomo ni kitu alichopewa na watu waliomtangulia, na alama mojawapo ni ya mzigo ambao mwenyewe hakuutaka. Naamini hiyo ndiyo kazi bora zaidi ambayo nembo ya mtu inaweza kuifanya, na nitajaribu kuwaonyesha kwa nini.

Sababu ya pili inatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Kwenye ngao hiyo upo uso wa mtu mweusi, amevaa taji. Kila mara picha yake inapoonekana kwetu swali linazuka: huyu ndugu yetu anafanya nini kwenye ngao ya Mjerumani? Swali hilo lina haki ya kujibiwa bila haraka.

Tuanze na ngao yenyewe jinsi ilivyo. Sehemu yake kubwa ni nyekundu, na katikati ya nyekundu hiyo lipo kombe la baharini la rangi ya dhahabu. Pembe mbili za juu zimekatwa kwa mistari ya kupinda, nazo ni za dhahabu, kana kwamba joho limefunuliwa mabegani. Mkato huo katika sanaa ya nembo ni ishara ya maisha ya utawa, na kwa mtu aliyechukua jina la Benedikto, baba wa watawa wa Ulaya Magharibi, maana yake haijifichi. Kwenye pembe moja kipo kichwa cha mtu mweusi kilichochorwa kwa upande, midomo myekundu, taji jekundu kichwani na ukosi mwekundu shingoni. Kwenye pembe ya pili yupo dubu wa rangi ya kahawia, anatembea, na mgongoni amefungwa mzigo mwekundu kwa mikanda myeusi.

Hapa kuna jambo ambalo mchoraji yeyote wa nembo analijua na msomaji mgeni hulikosea. Kulia na kushoto kwa ngao huhesabiwa kwa upande wa mtu aliyeishika, maana ngao ilitengenezwa ikingwe kifuani. Kwa hiyo kichwa cha mtu mweusi, ambacho sisi watazamaji tunakiona kushoto, kiko mkono wa kulia wa mwenye ngao. Huo ndio upande wenye heshima zaidi kati ya pembe mbili. Dubu amekaa upande wa pili. Katikati, mahali pa heshima kuliko pote, pamewekwa kombe.

Sanaa hii ilianza Ulaya Magharibi katika karne ya 12. Askari wapanda farasi walikuwa wamefunikwa deraya na chapeo kiasi kwamba rafiki hakuweza kutofautishwa na adui, wakaanza kupaka ngao zao alama za kudumu. Mashindano ya mikuki yakaieneza desturi hiyo, watoto wakarithi alama za baba zao, kisha mihuri ya nta ikazipeleka mpaka kwa watu ambao hawajawahi kushika silaha: wanawake, miji, vyama vya mafundi, maaskofu. Bartolo wa Sassoferrato, mwanasheria Mwitalia wa karne ya 14, aliandika kwamba mtu yeyote anaweza kujitwalia nembo, mradi asimnyang'anye mwenzake ya kwake. Kanuni kuu za uchoraji ni chache. Dhahabu na fedha huhesabiwa kuwa madini. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ni rangi. Wala haifai kuweka madini juu ya madini au rangi juu ya rangi. Sababu ni ya macho tu: njano juu ya nyeupe haionekani kwa mbali, na askari aliyeshindwa kuonekana huchomwa mkuki na wenzake. Angalieni tena ngao ya Benedikto: kombe la dhahabu juu ya nyekundu. Ukiwa mwisho wa uwanja mkubwa bado utaliona.

Sasa kabla ya kuzifikia alama tatu, nataka mwone mfano wa kinyume. Ukiingia Basilika la Mtakatifu Petro, Roma, juu ya altare kuu utakuta mwavuli mkubwa wa shaba nyeusi unaoshikiliwa na nguzo nne za kujisokota, kazi ya mchongaji Bernini. Ukiutazama vizuri unaona nyuki. Wako kwenye misingi ya nguzo, wako juu. Nyuki watatu ndio nembo ya ukoo wa Barberini wa Firenze, na Papa Urbano VIII, aliyeongoza Kanisa tangu 1623 hadi 1644, alikuwa Barberini. Zamani zaidi wadudu hao walikuwa pange, wale nzi wakubwa wanaouma ng'ombe na farasi. Ukoo ulipopanda cheo pange wakageuzwa kuwa nyuki, kwa kuwa nyuki hutengeneza asali na ni wadudu wa kusifiwa. Kazi ya Bernini ni tukufu, nami siwezi kuitazama bila kustaajabu. Lakini nyuki wale wanasema jambo moja tu: sisi tulikuwa hapa. Alama ya ukoo imesimikwa juu ya kaburi la mvuvi wa Galilaya, na ujumbe wake ni ukoo wenyewe.

Ratzinger hakuwa na nyuki. Alipoteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa München na Freising, mwaka 1977, ilimlazimu kwa mara ya kwanza kuwa na nembo. Alikuwa profesa wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Regensburg, mwenye umri wa karibu miaka 50, na vitabu vyake vilikuwa vikisomwa. Angeweza kuchora kalamu. Angeweza kuchora taa, au kitabu kilichofunguliwa. Alichofanya ni kukipokea kwanza kile alichokikuta jimboni, yaani kichwa cha mtu mweusi, kisha akaongeza kombe na dubu.

Kichwa hicho kilikuwa na historia ndefu. Freising ni mji mdogo kaskazini mwa München, nao ulikuwa makao ya maaskofu tangu karne ya 8. Kwa karne nyingi askofu wake alikuwa pia mtawala wa nchi, mwenye ardhi, askari na mahakama. Mwaka 1316, zama za Askofu Konrad III, kichwa cha mtu mweusi mwenye taji kilionekana kwenye nembo ya Freising. Kilidumu hapo mpaka mwanzo wa karne ya 19, maaskofu walipovuliwa utawala wa kidunia, na hata baada ya hapo maaskofu wakuu wa München na Freising wakaendelea kukiweka kwenye ngao zao.

Ni nani huyu? Wanahistoria hawajaafikiana. Wapo wanaosema ni mmoja wa Mamajusi waliofuata nyota mpaka Bethlehemu, yule ambaye wachoraji wa Ulaya walizoea kumchora mweusi. Wapo wanaomtaja Mtakatifu Maurisi, kamanda wa askari waliotoka Thebe ya Misri, ambaye masimulizi yanasema aliuawa pamoja na wenzake kwa kukataa kuabudu miungu ya Roma. Ujerumani ya kati ilimheshimu sana Maurisi. Katika kanisa kuu la Magdeburg ipo sanamu yake ya katikati ya karne ya 13, nayo ni moja ya kazi za sanaa ninazoziheshimu kuliko zote: Mwafrika aliyevaa deraya ya minyororo, uso wake umechongwa na mtu aliyeangalia uso wa Mwafrika kwa makini na kwa heshima. Hakuna kebehi ndani yake. Mji wa Coburg, ulioko Bavaria hiyo hiyo, una kichwa cha Maurisi kwenye nembo yake. Mwaka 1934 utawala wa Hitler uliufuta uso huo mweusi ukaweka upanga wenye msalaba wa Kinazi. Mwaka 1945 utawala huo ulipoanguka, watu wa Coburg wakamrudisha Maurisi wao. Anayedhani kwamba alama hizi ni mapambo yasiyo na uzito aikumbuke habari hiyo.

Benedikto mwenyewe alikiri kwamba maana ya asili ya kichwa cha Freising haifahamiki kwa hakika. Kwake yeye, kama alivyoeleza katika kumbukumbu za maisha yake, kilikuwa ishara ya Kanisa lisilobagua watu kwa kabila wala tabaka. Naiheshimu tafsiri hiyo. Nasema pia, kwa sauti ile ile, kwamba inatupasa tuuangalie mchoro wenyewe. Ile midomo iliyokolezwa wekundu, na ukosi ule shingoni, ni mazoea ya wachoraji ambao wengi wao hawakupata kumwona Mwafrika, na mazoea hayo hayo baadaye yaliingia kwenye matangazo ya biashara na vikaragosi vya kutudhalilisha. Kijana wa Kiafrika anayeuona mchoro huo akakunja uso hana kosa. Nisingetaka aambiwe anyamaze kwa sababu ni nembo ya Papa.

Ila namwomba atazame na taji. Mwaka 1316, mtu mweusi mwenye taji hakuwa kitu cha kubuni. Ethiopia ilikuwa chini ya Mfalme Amda Seyon. Mali ilikuwa chini ya Mansa Musa, ambaye miaka michache baadaye alikwenda kuhiji Makka na kupita Kairo na dhahabu nyingi kiasi cha kusimuliwa mpaka leo. Na katika pwani yetu, Kilwa Kisiwani, alitawala Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa na kupiga sarafu za shaba zenye jina lake upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yaliyotungwa kwa vina. Mchoraji wa Freising yawezekana hakujua lolote kati ya hayo. Alichora taji kwa sababu ya mtakatifu au Majusi wake. Lakini alipolichora, alikuwa anasema kweli kuliko alivyojua.

Nageukia dubu, na hapa ndipo moyo wa nembo ulipo.

Mtakatifu Korbiniani alifika Freising katika miaka ya 720, na jimbo lile linamhesabu kuwa baba yake wa imani. Maisha yake yaliandikwa na Arbeo, askofu wa mji huo huo, miongo michache baada ya kifo chake. Arbeo anasimulia kwamba Korbiniani alikuwa safarini kwenda Roma, na njiani dubu akatoka msituni akamuua mnyama aliyebeba mizigo yake. Mtakatifu hakukimbia. Alimkemea dubu, akaamuru afungwe ile mizigo mgongoni, na dubu akaibeba kwa utii mpaka Roma. Huko akaachiliwa akaenda zake. Visa vya dubu aliyetiishwa vinasimuliwa juu ya watakatifu wengine pia wa nchi za milima ya Alpi, kwa hiyo Freising haina hakimiliki. Maana moja iko wazi: upole wa Injili unaushinda ukali wa msituni. Watu wa nchi ile waliusoma humo uongofu wao wenyewe.

Ratzinger alisoma kitu kingine. Tasnifu yake ya udaktari, ya miaka ya mwanzo ya 1950, ilikuwa juu ya Mtakatifu Augustino, na Augustino hakumwacha tena. Sasa Augustino, baada ya kuongoka, alitaka maisha ya utulivu: marafiki wachache, sala, na vitabu. Mwaka 391 alipofika mji wa Hippo, waumini walimshika kanisani wakamlazimisha apewe upadre. Miaka michache baadaye akawa askofu, na tangu hapo siku zake zikajaa kesi za mashamba, ugomvi wa mirathi, maskini wa kulishwa na wazushi wa kujibiwa. Katika Zaburi ya 73 alikuta mwenye kusali akisema kwamba mbele za Mungu amekuwa mfano wa mnyama. Augustino akamwona hapo mnyama wa kazi, yule anayebeba na kuvuta, na akafarijika kwa jambo moja: mnyama wa mizigo yuko karibu sana na bwana wake, maana bwana ndiye anayeishika kamba yake.

Ratzinger akayaunganisha. Alikuwa na mpango wa kuandika teolojia yake kwa utulivu, Papa Paulo VI akamtoa darasani akampa jimbo kuu. Mwaka 1981 Yohane Paulo II akamwita Roma kusimamia idara ya mafundisho ya imani, kazi ya lawama kuliko zote. Aliomba zaidi ya mara moja apumzishwe, hakuruhusiwa. Katika kumbukumbu zake anajilinganisha na dubu wa Korbiniani aliyebebeshwa mzigo mpaka Roma. Nasi picha hiyo tunaijua, maana sisi ni watu wa nchi ya wapagazi. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji mpaka Bagamoyo, na wapo waliobeba kwa ujira, wapo waliobeba kwa kulazimishwa. Tunajua maana ya mzigo uliofungwa na mkono wa mwingine.

Tarehe 9 Septemba 2006, akiwa Papa, alirudi nyumbani na kusimama katika uwanja wa Marienplatz, katikati ya jiji la München. Aliwasimulia watu kisa hicho tena, akawakumbusha kwamba dubu wa Korbiniani aliachiliwa alipofika Roma, ila kwake Bwana aliamua vingine. Kisha ikaja tarehe 11 Februari 2013. Alitangaza kwa Kilatini, mbele ya makardinali, kwamba nguvu zake hazitoshi tena, na tarehe 28 mwezi huo, saa mbili usiku, akaacha madaraka. Kabla yake, Papa wa mwisho kuondoka madarakani akiwa hai alikuwa Gregori XII, mwaka 1415. Dunia nzima ilishangaa. Mimi nasema mtu aliyeisoma nembo yake alikuwa na mahali pa kuanzia kuelewa: mzigo ule alifungwa mgongoni, haukuwa mali yake, na aliposhindwa kuubeba aliuweka chini mbele ya mwenye nao. Wapo waliomlaumu kwa uamuzi huo, na bado wapo. Kwa maoni yangu ni tendo lililofuata sawasawa picha aliyokuwa ameichukua tangu 1977.

Kombe halihitaji muda mrefu, ingawa ndilo lililokaa katikati. Ni alama ya mahujaji tangu zamani, hasa wa njia ya kwenda kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, Hispania. Linaonekana pia katika nembo ya monasteri ya zamani ya Regensburg, mji aliofundisha. Lakini kwanza ni kombe la Augustino. Kisa maarufu kinasema Augustino alikuwa akitembea ufukweni akiwaza fumbo la Utatu Mtakatifu, akamwona mtoto anachota maji ya bahari kwa kombe na kuyamwaga katika kishimo cha mchanga. Akamwuliza unafanya nini, mtoto akajibu anataka kuihamishia bahari yote humo. Haiwezekani, akasema Augustino. Mtoto akamjibu kwamba ni rahisi zaidi kuliko kulimaliza fumbo la Mungu kwa akili ya mtu. Kisa hiki hakimo katika vitabu vya Augustino. Kilizuka karne nyingi baada yake, na wachoraji kama Botticelli wakakipenda. Ratzinger, mwanazuoni aliyejua hayo vizuri, alikichukua kama kilivyo. Msomi wa kiwango chake kuweka katikati ya ngao yake ukumbusho kwamba elimu yake ni kombe tu, hilo ni ungamo.

Na tusisahau Augustino alitoka wapi. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras, Algeria, na Hippo yake ni Annaba ya leo, nchi hiyo hiyo. Basi ngao ya Papa Mjerumani ina Afrika mara mbili: iko kwenye pembe, katika uso usiojulikana ni wa nani, na iko katikati, katika kombe la mtu tunayemjua kwa jina, kwa mji na kwa mwaka. Mwaka 2025 Papa Leo XIV, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliweka kwenye ngao yake moyo uliochomwa mshale juu ya kitabu, alama ya shirika lake, na kauli mbiu yake ameitoa katika mahubiri ya Augustino juu ya Zaburi. Katika miaka ishirini, mwana wa Thagaste ameingia kwenye ngao za Mapapa wawili.

Nje ya ngao yenyewe yapo mapambo ya cheo. Funguo mbili zilizopishana, moja ya dhahabu na moja ya fedha, ni za Petro, na kila Papa anazo. Juu ya ngao, kwa karne nyingi, palikaa taji la ngazi tatu. Paulo VI alikuwa wa mwisho kuvikwa taji hilo, mwaka 1963, na mwaka uliofuata akaliweka juu ya altare ya Mtakatifu Petro litolewe kwa ajili ya maskini. Halikuvaliwa tena, lakini liliendelea kuchorwa kwa miaka arobaini. Benedikto, pamoja na mchoraji wake Andrea Cordero Lanza di Montezemolo, aliyekuja kuwa kardinali, wakaliondoa wakaweka mitra, kofia ya kila askofu, yenye mistari mitatu ya dhahabu iliyounganishwa katikati. Chini ya ngao wakaongeza palio, kile kitambaa cha sufu chenye misalaba ambacho Papa na maaskofu wakuu huvaa mabegani. Sufu hiyo ni ishara ya kondoo anayebebwa na mchungaji. Kwa hiyo mzigo umeonekana mara ya pili. Wanaopenda mila za zamani walilalamika sana kuhusu taji. Mapapa waliokuja baada yake, Fransisko na Leo, wote wameufuata mfano wa mitra, na sioni tena njia ya kurudi.

Kauli mbiu yake ya kiaskofu, iliyotoka katika Waraka wa Tatu wa Yohane, ilihusu kushirikiana katika kazi ya ukweli. Kwenye nembo ya kipapa hakuiweka. Yohane Paulo II kabla yake alikuwa na ngao rahisi kuliko zote, msalaba wa dhahabu uliosogezwa pembeni na herufi M ya Maria chini yake, na wataalamu hawakuifurahia kwa kuwa herufi haina heshima kwenye ngao. Mimi naipenda. Ilieleweka na mtoto.

Sasa neno kuhusu kwetu. Desturi hii imefika hapa na imeota mizizi. Kila askofu Mkatoliki anayewekwa wakfu Afrika Mashariki anapata ngao yenye kofia pana ya kijani juu yake na vishada sita kila upande. Askofu mkuu ana vishada kumi. Kardinali ana kumi na vitano vyekundu, na kwa hiyo Laurean Rugambwa, alipofanywa kardinali tarehe 28 Machi 1960, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama zetu, aliingia katika cheo chenye vishada hivyo. Nembo zinachapishwa kwenye vitenge vya sherehe, kwenye kalenda, kwenye mabango. Nyingi zinachorwa kwa haraka. Ngao moja inabeba mlima, ziwa, ramani, kitabu, njiwa, jembe, mwenge na zao la biashara, na ukiipunguza itoshee kwenye muhuri unapata doa. Nasikitika kwa sababu nia ni njema na mikono ya kuchora ipo. Ngao ya Taifa letu, ile ya Bibi na Bwana, imebeba vitu vingi pia, lakini taifa lina watu wengi wa kuwakilisha. Mtu mmoja hahitaji hivyo. Benedikto aliishi miaka 95, hadi tarehe 31 Desemba 2022, akaandika vitabu vingi, na ngao yake ina vitu vitatu.

Wanafunzi wa sanaa mlioko hapa, maaskofu wapya wataendelea kuteuliwa, na siku moja mmoja wenu ataitwa kuchora. Usianze kwa kumwuliza anapenda mnyama gani. Mwulize jimbo lake lilianzishwa na nani, nani alimfundisha kusali, watu wa kule walibeba nini kabla yake, na yeye amefungwa mzigo gani. Andika majibu yote, chagua mawili au matatu, kisha uyachore makubwa kwa rangi zinazoonekana kutoka mwisho wa uwanja. Na ukimchora Mwafrika, mchore kama alivyofanya yule fundi wa Magdeburg, aliyeuangalia uso kwanza.